Uraia wa mpigakura Kigoma: nani alete ushahidi?

Uboreshaji wa Daftari la Kudumu la Wapigakura ulizinduliwa Kigoma tarehe 20 Julai 2024, na swali ambalo watu wa mkoa huu tumelizoea likarudi na mashine za BVR, zinazoandikisha wapigakura kwa alama za vidole: huyu ni wa hapa, au amevuka mpaka? Mama yangu mkubwa alizaliwa mwaka 1958 jirani na Manyovu, karibu na mpaka wa Burundi. Kiha chake ni kizuri kuliko Kiswahili chake. Aliwahi kuulizwa na afisa mmoja babu yake mzaa baba alizikwa wapi. Akataja kijiji. Akaulizwa ana karatasi gani ya kuthibitisha. Alirudi nyumbani kimya, na hakutaka tena kusikia habari za kujiandikisha mpaka wajukuu walipomsihi.

Hata hivyo nitaanza na upande ambao wenzangu wa Kigoma hawapendi kuusikia, kwa sababu una uzito. Katiba yetu, ibara ya 5, inampa haki ya kupiga kura raia aliyetimiza miaka 18, na ibara hiyohiyo inaliruhusu Bunge kutunga sheria ya kumzuia anayeshindwa kuthibitisha umri, uraia au uandikishwaji wake. Kwa hiyo anayedai uhakiki hajabuni jambo. Mkoa wetu umepakana na Burundi, njia za miguu ni nyingi kuliko vizuizi, na kwa miaka mingi wakimbizi waliwekwa katika kambi za Nyarugusu wilayani Kasulu na Nduta wilayani Kibondo. Kata ya mpakani ni ndogo, na kiti cha udiwani kinaweza kuamuliwa na kura chache tu. Watu wachache walioingizwa daftarini na mwenye hila watakuwa wamewapokonya wanakijiji diwani wao.

Kuna jambo jingine lisilosemwa sana. Kadi ya mpigakura haiishii kituoni. Kwa miaka mingi imetumika kama kitambulisho benki na kwenye huduma nyingine, na imekubaliwa miongoni mwa viambatisho vya kuombea kitambulisho cha taifa. Asiye raia akiipata leo, kesho anaitumia kuomba NIDA, na keshokutwa NIDA hiyo inatumika kuthibitisha kwamba kadi ilikuwa halali. Mlango wa kwanza ukiachwa wazi, milango mingine yote inalinda bure. Anayeogopa hilo simwoni kuwa mbaguzi.

Shida inaanza tunapouliza: unamhakikije?

Lugha haisaidii. Kiha na Kirundi vinaelewana, na majina ya watu yanafanana kiasi kwamba orodha ya wanafunzi wa Buhigwe ukiipeleka ng'ambo ya mpaka hakuna atakayeshangaa. Wala lafudhi ya Kirundi haimwondolei mtu uraia. Mwaka 2014 serikali ilianza kuwapa vyeti vya uraia watu 162,156, yaani wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 na watoto wao, waliokuwa katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Hao ni Watanzania kamili. Mtu anayesikiliza matamshi kwenye foleni ya kujiandikisha atawakamata wao kwanza, nao ndio wenye vyeti.

Historia nayo imevuruga kila kitu. Burundi na Tanzania Bara zilikuwa koloni moja la Wajerumani hadi Vita vya Kwanza vya Dunia. Wabelgiji waliingia Kigoma mwaka 1916 na kuondoka mwaka 1921. Mpaka tunaougombania ulikuja kukaa sawa baada ya hapo, huku familia zikiwa zimeshaoleana pande zote mbili. Halafu wakaja mawakala wa manamba, wakawachukua Waha na Warundi kwenda kukata mkonge Tanga. Watoto wao wakazaliwa kambini, wengine hawakurudi. Leo mjukuu wa manamba aulizwe asili yake ataanzia wapi?

Sheria yenyewe inadai karatasi za zamani ambazo nchi hii haina. Aliyezaliwa Tanganyika kabla ya tarehe 9 Desemba 1961 alihesabiwa raia ikiwa mmoja wa wazazi wake naye alizaliwa humo. Kwa mama yangu mkubwa hiyo ina maana ya kuonyesha mahali alipozaliwa mtu wa miaka ya 1930, aliyezaliwa nyumbani mikononi mwa mkunga wa kijiji. Kwa Wakristo kuna vitabu vya ubatizo vya misheni, kwa bahati. Wazee wa Kiislamu wa Ujiji hata hivyo hawana.

Ndiyo maana naogopa uhakiki unaofanyika msimu wa uchaguzi. Daftari la awali linapobandikwa, mpigakura anaweza kumwekea mwenzake pingamizi. Ni utaratibu mzuri, kwa kuwa majirani wanajuana kuliko kompyuta inavyowajua. Lakini jirani huyohuyo anaweza kuwa na kesi ya shamba na wewe, au kuwa wakala wa chama usichokipenda. Nchi hii imeshaona shaka ya uraia ikiwafikia watu wakubwa: mwaka 2001 mwandishi Jenerali Ulimwengu, aliyewahi kuwa mkuu wa wilaya na mbunge, aliambiwa kwamba si raia, pamoja na wengine watatu akiwamo balozi wetu nchini Nigeria. Ikiwa mtu mwenye magazeti na mawakili anaweza kufikwa na hilo, mkulima wa maharage wa Kakonko atajitetea kwa kitu gani?

Jimbo la Kansas, Marekani, lilijaribu njia kali. Kuanzia Januari 2013 kila aliyejiandikisha kwa mara ya kwanza alitakiwa kuleta hati ya uraia, kama cheti cha kuzaliwa au pasipoti. Maombi 31,089 yalisimamishwa au kufutwa. Kesi ilipofika mahakamani, wasio raia waliothibitika kufanikiwa kuandikishwa kati ya 1999 na 2012 walikuwa 39. Sheria ikabatilishwa Juni 2018, na mahakama ya rufaa ikakubaliana na uamuzi huo Aprili 2020. Najua nitajibiwa kwamba Kansas haikupakana na Burundi, na jibu hilo nalikubali: idadi yao haiwezi kuwa yetu. Ninachokichukua kule ni kwamba wavu uliowanasa raia hao wote ulitandazwa kabla mtu hajahesabu wageni walikuwa wangapi. Na sisi hatujahesabu.

Msimamo wangu, basi, ni kwamba uhakiki ufanyike, ila anayetilia shaka ndiye abebe mzigo wa ushahidi. Jina likishaingia daftarini lisitoke kwa sababu ya sura, lafudhi au maneno ya kijiweni. Anayeweka pingamizi aandike anachokijua: huyu alifika mwaka fulani, kutoka mahali fulani, na ana usajili wa ukimbizi. Kumbukumbu za wakimbizi serikali inazo, na alama za vidole zinaweza kulinganishwa bila kumwita bibi kizee mjini. Asiyekutwa humo, na ambaye wazee wa kitongoji na mtendaji wa kijiji wanamtambua, abaki daftarini hadi mahakama iseme vingine.

Kazi hiyo ifanyike sasa, kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2029, wakati hakuna mgombea anayehesabu kura za mtaa kwa mtaa. Na ianze na wazee. Waliozaliwa kabla ya Uhuru ambao bado wanaweza kusimama mbele ya mtendaji na kusema "huyu nilimwona akizaliwa" wanapungua kila msimu wa mvua, na wakiisha, hata mwenye nia njema hatakuwa na wa kumuuliza.