Ile damu ilisemaje?

Kwenye mkutano wa kijiji kimoja wilayani Rungwe, mkoani Mbeya, watafiti walikuwa wameshamaliza maelezo yao: watapita nyumba kwa nyumba na dodoso, watatoa damu kidogo, anayekubali atatia saini fomu ya ridhaa na asiyetaka hatalazimishwa. Mwenyekiti akauliza kama kuna swali. Akasimama bibi mmoja aliyetoka shamba moja kwa moja, udongo bado miguuni. "Wanangu, karibuni sana. Lakini wenzenu walishakuja hapa wakatutoa damu. Ile damu ilisemaje?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Vijana wale hawakuwa na kosa. Mradi aliouulizia bibi ulikuwa wa watu wengine kabisa. Ila kwa bibi wote ni walewale, wenye gari jeupe na boksi la barafu. Na kwa mtazamo wangu yuko sahihi kuwaona hivyo.

Siku hizi karibu kila andiko la utafiti lina aya ya kushirikisha jamii. Tamko la Helsinki, ambalo tangu 1964 ndilo dira ya maadili ya utafiti wa tiba duniani, liliporekebishwa Oktoba 2024 lilitaka washiriki na jamii zao wahusishwe kabla ya utafiti, wakati wa utafiti na baada yake. Kwenye karatasi, basi, ubishi umekwisha. Huku kwetu ndiyo kwanza unaanza, kwa sababu yapo maswali mawili ambayo karatasi haiyajibu: jamii ishirikishwe katika lipi, na hiyo jamii ni nani?

Mbeya si mgeni wa utafiti. Kituo cha NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, hapa mjini kimeshiriki majaribio ya chanjo za UKIMWI kwa miaka mingi. Mkoa huu, pamoja na Iringa na Njombe, umebeba mzigo mkubwa wa VVU: katika utafiti wa kitaifa wa 2022 na 2023, Njombe ilikuwa na maambukizi ya asilimia 12.7 kwa watu wazima, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6, wakati wastani wa nchi ulikuwa 4.4. Watafiti wana sababu ya kuja huku, na sisi tuna sababu ya kuwapokea.

Faida ya kushirikiana inaonekana wazi ukiangalia Kyela. Huko ndiko watafiti walikofuatilia wanakijiji kwa miaka kadhaa na kugundua, katika matokeo yaliyotoka mwaka 2016, kwamba mtu mwenye minyoo ya matende alikuwa na hatari ya kupata VVU karibu mara mbili ya asiye nayo. Ugunduzi wa namna hiyo haupatikani kwa kupita mara moja. Unahitaji watu wakubali kutoa damu mwaka huu, na mwakani, na mwaka unaofuata. Unahitaji mtu wa kukuambia kwamba msimu wa mpunga hutawakuta nyumbani, na kwamba mvua za masika zikikolea baadhi ya njia hazipitiki. Tena mzee mwenye busha anaweza kulificha miaka mingi kwa aibu, na hatamfungulia mgeni siri hiyo. Atamfungulia mhudumu wa afya wa kitongoji chake, mtoto wa jirani yake.

Gharama ya kutoeleweka nayo tunaijua. Mwaka 2016, huko Chamwino mkoani Dodoma, watumishi watatu wa kituo cha utafiti wa kilimo waliuawa na wanakijiji waliowadhania wanyonya damu. Walikuwa wanachukua sampuli za udongo. Sisi wa Mbeya, tuliokulia kwenye hofu ya mumiani na wachuna ngozi, hatuwezi kuwaita watu wale wajinga tukaishia hapo. Uvumi hukua pale ambapo mgeni anachukua kitu na hasemi anakipeleka wapi.

Upande wa pili nao una uzito, na watetezi wa ushirikishwaji huupita haraka mno. Ukiambiwa jamii imekubali, uliza aliyekubali ni nani. Mara nyingi ni mwenyekiti, mtendaji, wazee wawili na mchungaji. Mwenyekiti akishasema ndiyo mbele ya umma, mama mjane anayetegemea jina lake liandikwe kwenye orodha ya mbolea ya ruzuku atasemaje hapana? Ridhaa ya mtu mmoja mmoja inaweza kumezwa na ridhaa ya kijiji, na ikamezwa kwa heshima zote, bila mtu kupaza sauti.

Tena wapo ambao hawana kijiji cha kuwasemea. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, utafiti mmoja wa VVU mkoani Mbeya ulifuatilia wahudumu wa baa wa kike 600. Dada anayefanya kazi kwenye baa za kando ya barabara kuu iendayo Tunduma, jamii yake ni ipi? Baraza la wazee la kata linamsema vibaya mchana na kumfuata usiku. Ukiwapa wazee hao kiti cha ushauri juu ya utafiti unaomhusu yeye, umemrudisha mikononi mwa wanaomhukumu.

Wanasayansi wengine wana hofu nyingine, na nawaelewa. Jaribio linahitaji watu wapangwe kwa bahati nasibu, wengine wapate chanjo na wengine wasipate, na jambo hilo haliwezi kupigiwa kura kijijini. Matokeo nayo hayapigiwi kura. Jaribio la chanjo lililoitwa PrEPVacc, lililofanyika Mbeya, Dar es Salaam, Masaka na Durban likiwa na washiriki zaidi ya 1,500, lilisitisha chanjo mwaka 2023 baada ya kuonekana haina matumaini ya kuzuia VVU. Hakuna kamati ya jamii ambayo ingebadilisha ukweli huo.

Lakini hapohapo ndipo hoja ya wapinzani inapowageukia wenyewe. Habari mbaya kama hiyo unampelekea nani, na kwa mdomo gani? Mshiriki aliyechomwa sindano miezi mingi anastahili kusikia kwamba chanjo imeshindwa kabla hajaisoma kwenye simu ya jirani. Kama kamati ya ushauri ya jamii iliundwa ili kuhamasisha watu wajiandikishe tu, siku ya habari mbaya haitakuwa na neno la kusema, na wajumbe wake ndio watakaosalimiwa kwa kebehi sokoni.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaotaka kijiji kipewe sauti juu ya kila kitu, wala na wanaotaka kiitwe siku ya uzinduzi tu, wajumbe wapewe soda na posho. Itifaki ya maabara waachiwe wenye taaluma. Ridhaa ibaki ya mtu binafsi, itafutwe faraghani, mbali na macho ya mwenyekiti. Wahudumu wa baa wachague wawakilishi wao wenyewe, vivyo hivyo wakulima, vivyo hivyo vijana wa bodaboda. Ila katika mambo matatu jamii iwe na nguvu halisi na si ya kuombwa: kusema ni ugonjwa gani unaowaumiza kabla andiko halijaenda kwa mfadhili, kujua sampuli zinahifadhiwa wapi na kwa muda gani, na kuletewa majibu.

Hilo la tatu ndilo ninaloling'ang'ania zaidi, kwa sababu ndilo rahisi kuliko yote na ndilo linaloachwa. Mkutano mkuu wa kijiji upo tayari. Linalokosekana ni fungu la kurudi: mafuta ya gari, siku mbili za watu wawili, karatasi moja ya Kiswahili chepesi, na mtu wa kutafsiri Kinyakyusa kwa wazee. Kamati ya maadili inayopitia andiko ingeweza kudai tarehe ya mkutano huo iandikwe kabla ya kutoa kibali, kama inavyodai fomu ya ridhaa. Na mwenyekiti, gari jeupe likifika na mradi mpya, angekuwa na haki ya kuuliza kwanza habari za ule uliopita.