Mizani, vina na takriri: nini kinabeba shairi la mapenzi?

Tuanze na ubeti wenyewe, niliouunga kwa ajili ya uchambuzi huu:

Nakuita we mwandani, usiku umenifika,
Usingizi siuoni, macho mawili yachoka,
Jina lako mdomoni, sichoki kulitamka,
Rudi, rudi, wa moyoni, rudi nipate kucheka.

Kwa kanuni za utunzi alizoziandika mshairi Amri Abedi mwaka 1954, ubeti huu umetimia: mishororo minne, mizani (yaani silabi) 8 ukwapi, nusu ya kwanza ya mshororo, na 8 utao, nusu ya pili, na vina, sauti za kumalizia kila nusu, -ni na -ka. Wapo wanaoona hukumu imekwisha hapo. Wengine, hasa tangu mshairi Kezilahabi atoe Kichomi, diwani yake ya mashairi ya mtindo huru, yasiyofungwa na mizani wala vina, mwaka 1974, wanasema kanuni hizo humfunga mshairi.

Ushahidi wao umo humu humu. "Mawili" haituambii kitu. Imejaza mizani tatu, na huzuni ya mshororo imepoa. Mshairi wa mtindo huru angeandika "macho yachoka" akaendelea. Vina navyo vimepatikana kwa urahisi mno: mdomoni na moyoni vimebebwa na kiambishi cha mahali, na vitenzi vya kuishia -ka tunavyo tele.

Lakini "we", ambayo nayo ni ya kujazia, siitoi. Shairi hili ni la kughaniwa, yaani kusomwa kwa mahadhi. Ukilighani, "we" inavutwa, na ndiyo inayokufanya umsikie mtu akiita gizani. Anayehesabu mizani kwa macho tu hawezi kuona kazi yake. Hapo watetezi wa arudhi, yaani kanuni hizo za jadi, wana hoja nzito, na nasikitika kwamba mara nyingi huiacha wakakimbilia kuhesabu silabi.

Nguvu kubwa naiona kwenye takriri, yaani kurudiwa kwa neno, ambayo hata washairi wa mtindo huru hawakuitupa. "Rudi" mbili za mwanzo zimebanana, ni kusihi kwa mtu aliyekosa subira. Ya tatu inakuja baada ya kituo cha kati, imetulia, na inaleta sababu: nipate kucheka. Mshororo huo ukiwa kibwagizo, utarejea kila ubeti, na hapo ndipo mtunzi anapopimwa. Ubeti wa pili ukilalamikia usingizi ule ule, "rudi" itasikika kama mazoea. Ukitaja ahadi iliyovunjwa, "rudi" hiyo hiyo inakuwa lawama, bila kubadilishwa hata silabi moja.