Askari Ndani ya Shule: Hili Linatuhusu Sisi Tuliotoka Afrika

Kuna kauli ninayoisikia mara kwa mara tunapokutana huku Marekani, iwe baada ya ibada, iwe msibani au kwenye sherehe ya mtoto aliyehitimu: "Hayo ni mambo ya Wamarekani Weusi. Sisi tulikuja kutafuta maisha." Mzazi akiwaona vijana wameshika mabango nje ya ofisi za bodi ya shule (ndiyo inayosimamia shule zote za umma za wilaya), wakidai polisi waondolewe shuleni, anamvuta mwanawe pembeni na kumwonya asijichanganye nao. Hofu hiyo naijua inakotoka. Lakini naamini inatuumiza sisi wenyewe, na inawaumiza watoto wetu zaidi.

Asubuhi ya tarehe 4 Aprili 2022, katika mji wa Grand Rapids, jimbo la Michigan, askari alilisimamisha gari lililokuwa likiendeshwa na Patrick Lyoya, Mkongomani wa miaka 26. Sababu ilikuwa namba za gari: hazikuwa za gari lile. Patrick alishuka, akajaribu kukimbia, wakashikana na kuangushana, wakagombania bunduki ya umeme ya yule askari. Mwisho wake askari, akiwa juu ya mgongo wa Patrick, alimpiga risasi ya kisogo. Familia ile ilikuwa imefika Marekani mwaka 2014 ikikimbia machafuko ya Kongo. Baba yake, Mzee Peter Lyoya, alizungumza na waandishi wa habari kwa Kiswahili, mkalimani pembeni yake, na mama yake, Dorcas, alieleza jinsi walivyokimbia vita wakiamini wamefika mahali salama. Askari yule alifukuzwa kazi na kushtakiwa kwa mauaji. Kesi ikasikilizwa mwaka 2025, jopo la wananchi waliokaa kuiamua likashindwa kukubaliana, na mwendesha mashtaka akatangaza kwamba haitarudiwa.

Hakuna aliyemuuliza Patrick kama yeye ni Mmarekani Mweusi au ni mtu wa Kongo. Na wakati familia yake ilipokuwa inalia, walioingia barabarani kulitaja jina lake siku baada ya siku hawakuwa Wakongomani peke yao. Walikuwamo Wamarekani Weusi wengi, vijana kwa wazee, ambao kabla ya hapo hawakumjua kabisa.

Utaniuliza shule inaingiaje hapa. Inaingia kwa sababu watoto wengi Weusi wa nchi hii hukutana na polisi kwa mara ya kwanza kwenye korido ya shule, kabla hawajafika umri wa kuendesha gari. Kwa takwimu za Wizara ya Elimu ya Marekani za mwaka wa masomo 2017–18, watoto Weusi walikuwa asilimia 15 hivi ya wanafunzi wote wa shule za umma, lakini walikuwa karibu asilimia 32 ya waliokamatwa shuleni au kwenye shughuli za shule. Anayeandika takwimu hizo hatenganishi wajukuu wa watumwa wa Mississippi na mtoto aliyezaliwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Wote wanahesabiwa Weusi.

Mimi huwasaidia wazazi wanaozungumza Kiswahili kwa kuwatafsiria kwenye vikao vya shule. Siku moja nilikaa na mama mmoja kutoka Uvira, Kongo. Mwanawe wa miaka 14 alikuwa amemsukuma mwenzake kwenye foleni ya chakula, basi. Katika utoto wangu, jambo hilo lingeishia kwa mwalimu wa zamu. Hapa mezani alikuwapo makamu wa mwalimu mkuu, mshauri wa wanafunzi, na askari mwenye sare, bastola kiunoni. Mama hakuangalia karatasi hata mara moja. Macho yake yalikuwa kwenye ile bastola. Kila aliloambiwa alijibu "ndiyo", na kabla sijamaliza kumsomea ukurasa wa kwanza alininong'oneza, "Dada, nasaini wapi?" Kule alikotoka, mtu mwenye sare na silaha akikuwekea karatasi mbele yako, unasaini. Nilimwomba asubiri tusome kwanza. Ndani ya karatasi zile mlikuwa na neno "shambulio", na pendekezo la kupeleka taarifa polisi. Kijana mwenyewe alikaa kimya muda wote, mikono kaikunja mapajani kama alivyofundishwa nyumbani akae mbele ya wakubwa, na makamu akaniambia kwamba ukimya wake unaonyesha hajutii.

Ndiyo maana nikiwasikia wazee wetu wanasema "mwambie mtoto anyamaze tu, yatapita," roho inaniuma. Kunyamaza hakumlindi.

Chukua kisa cha Spring Valley, shule ya sekondari huko South Carolina, mwezi Oktoba 2015. Msichana Mweusi aliambiwa atoke darasani kwa sababu ya simu, hakutoka. Mwalimu akamwita msimamizi, msimamizi akamwita askari wa shule. Askari akamkamata shingoni, akampindua pamoja na dawati lake mpaka chini, akamburuta. Darasa zima liliinamisha vichwa. Niya Kenny, aliyekuwa na miaka 18, ndiye aliyepaza sauti kuwataka watu waone kinachofanyika na warekodi. Naye akakamatwa, akapelekwa kituoni kwa kosa la "kuvuruga shule", chini ya sheria ya jimbo iliyomruhusu askari kumkamata mtu kwa kufanya tu vitendo vya "kukera". Fikiria: sheria ya jinai juu ya kukera, ikitumika kwa watoto wa shule! Niya aliacha shule ile na kumalizia masomo kwa mtihani wa nje, lakini hakuacha kesi. Yeye na wenzake waliishtaki serikali ya jimbo, na mwaka 2023 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikakubaliana nao kwamba sheria ile haikuwa halali kutumiwa dhidi ya wanafunzi. Ilichukua zaidi ya miaka saba.

Miaka hiyo saba na ushee naisisitiza kwa sababu wengi wetu tunaona maandamano kwenye televisheni na kudhani harakati za vijana ni kelele za wiki moja. Nendeni mkaitazame Oakland, California.

Oakland ni mji wenye mizizi. Hapo ndipo Huey Newton na Bobby Seale walipoanzisha chama cha Black Panther mwaka 1966, wakianza kwa kuwafuatilia polisi mitaani ili waone wanawafanyia nini Weusi, na hapo ndipo chama hicho kilipoanza kuwapa watoto chai ya asubuhi bure mwaka 1969. Kizazi cha sasa kina msiba wake. Alfajiri ya mwaka mpya wa 2009, Oscar Grant, kijana wa miaka 22, alipigwa risasi na askari wa reli katika kituo cha Fruitvale akiwa amelazwa kifudifudi, abiria wakirekodi kwa simu. Mwaka huohuo likaanzishwa shirika la wakazi linaloitwa Black Organizing Project. Kisha Januari 2011, jirani na sekondari ya Skyline usiku wa dansi la wanafunzi, askari alimuua Raheim Brown wa miaka 20. Polisi walisema Raheim alitaka kumchoma askari kwa bisibisi. Aliyekuwa naye ndani ya gari alikanusha. Askari huyo hakuwa wa mji. Alikuwa wa shule, kwa maana Oakland wilaya ya elimu ilikuwa na kikosi chake chenyewe cha polisi.

Wazazi na vijana wa shirika lile wakaanza kazi, na kazi yenyewe haikuwa na mvuto wowote wa kamera. Walidai takwimu. Taarifa ya mwaka 2013 ilionyesha kuwa Weusi walikuwa chini ya theluthi moja ya wanafunzi wa Oakland, lakini karibu robo tatu ya waliokamatwa na polisi wa shule. Walipigania utaratibu wa mzazi kumlalamikia askari wa shule, kitu ambacho ungedhani kipo siku zote. Wao na wenzao wakapigania kufutwa kwa adhabu ya kusimamishwa masomo kwa "ukaidi", kosa lisilo na mipaka linaloweza kuwa kofia, simu, au jicho tu mwalimu asilolipenda; bodi ikakubali kuifuta mwaka 2015. Mwaka 2019 wakatoa mpango wao kamili wa shule zisizo na polisi, ukieleza fedha zielekezwe wapi. Mwanzoni mwa 2020 pendekezo la kukivunja kikosi likafika mbele ya bodi, likakataliwa.

Halafu tarehe 25 Mei 2020 George Floyd, Mmarekani Mweusi, akauawa na askari polisi huko Minneapolis. Ushahidi uliozunguka dunia nzima ulirekodiwa na binti wa miaka 17, Darnella Frazier, aliyekuwa njiani kwenda dukani na binamu yake mdogo. Tarehe 2 Juni bodi ya shule ya Minneapolis ikakatisha mkataba wake na polisi wa mji. Oakland, vijana wawili wa miaka 19 waliosoma sekondari ya Oakland Tech waliitisha maandamano kutoka langoni mwa shule yao, wakaja watu kwa maelfu. Na tarehe 24 Juni, bodi ileile iliyokuwa imekataa ikapitisha kwa kauli moja azimio lililopewa jina la George Floyd, na kikosi cha polisi wa shule kikavunjwa. Watu walisema ni upepo wa wakati. Upepo ulikuwapo, ni kweli, lakini miji mingapi ilipata upepo huohuo na haikufanya kitu? Oakland mpango ulikuwa umeshaandikwa, hesabu zimeshapigwa, na wanafunzi wanaojua kuzungumza mbele ya bodi walikuwapo, kwa kuwa walishafanya hivyo miaka tisa.

Sasa swali ambalo mzazi yeyote ana haki ya kuuliza: na mauaji ya shuleni je? Nchi hii mtu anaingia na bunduki na kuua watoto. Sitalipuuza. Denver iliwaondoa polisi shuleni mwaka 2020, na mwaka 2023, baada ya mwanafunzi kuwapiga risasi watumishi wawili wa sekondari ya East, bodi ikawarudisha. Oakland kwenyewe, Septemba 2022, watu wenye silaha waliingia kwenye eneo la shule na kuwapiga risasi watu wazima sita, na sauti za kutaka askari warudi zikasikika. Nazielewa sauti hizo. Ila kumbuka Uvalde, Texas, tarehe 24 Mei 2022. Walifika askari 376. Ilipita zaidi ya saa moja, dakika 77, kabla hawajaingia darasani na kummaliza muuaji. Watoto 19 na walimu 2 wakafa. Parkland, Florida, mwaka 2018, askari wa shule alikuwapo na silaha yake, akabaki nje huku mauaji yakiendelea ndani; siku hiyo waliuawa watu 17. Tunaahidiwa kwamba askari wa korido atamzuia muuaji, lakini anachokifanya siku zote zilizobaki za mwaka ni kushughulika na watoto waliosukumana kwenye foleni. Na fedha zinazomlipa ni zilezile zingemlipa muuguzi au mshauri. Mwaka 2019 ACLU, shirika la kutetea haki za raia, lilionyesha kuwa wanafunzi milioni 14 nchini humu walikuwa kwenye shule zenye polisi lakini zisizo na mshauri, au muuguzi, au mwanasaikolojia, au ofisa ustawi wa jamii. Mtoto aliyeona maiti njiani akiwa na miaka sita, na tunao wengi wa namna hiyo katika jamii yetu, anamhitaji nani kati ya hao?

Hofu nyingine ni ya makaratasi. Mtu hajapata uraia, anaogopa jina lake kuonekana popote. Hapo siwezi kumlazimisha mtu kushika bango. Lakini rekodi ya polisi ya mtoto inaweza kuivuruga safari ya uraia ya mtoto huyo kuliko mama yake kusimama kwenye kikao halali cha bodi ya shule.

Kuna mambo ya kufanya hata bila kuandamana. Shule ya umma inawajibika kisheria kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa, na mkalimani hulipwa na shule. Usikubali mwanao awe mkalimani wa kesi yake mwenyewe. Usisaini karatasi ya nidhamu siku hiyohiyo. Chukua nakala, nenda nayo nyumbani, itafutie msomaji. Mfundishe mtoto kwamba askari akianza kumhoji, ana haki ya kutojibu, ya kuomba mwanasheria, na ya kusema kwa heshima kwamba anataka mzazi wake aitwe. Ukimya wa namna hiyo, anaoutangaza mwenyewe, hauwezi kuitwa kutojuta.

Na wale vijana wenye mabango, kabla ya kumvuta mwanao, wasikilize wanadai nini. Vikao vya bodi za shule viko wazi kwa umma, na kwa kawaida mzazi ana nafasi ya kuzungumza kwa dakika chache. Pigeni simu ofisi ya wilaya siku kadhaa kabla, mseme mnataka mkalimani wa Kiswahili, na muandikishe jina kwenye orodha ya wasemaji. Mkiwa kumi itakuwa vizuri zaidi, kwa sababu wajumbe wengi wa bodi huchaguliwa kwa kura, na huwa wanahesabu ni nani aliyekuja.