Beseni Chini ya Kitanda

Mwaka 2024 kalenda ilitufanyia utani: Saint-Valentin, siku ya wapendanao, tarehe 14 Februari, ikaangukia Jumatano ya Majivu. Asubuhi padri anakupaka paji la uso jivu la matawi ya mwaka uliopita na kukukumbusha kwamba u mavumbi na mavumbini utarudi. Jioni unatakiwa uvae shati jekundu umwambie mama watoto kwamba bila yeye huishi. Ilishatokea hivyo 2018, na itatokea tena 2029. Wenye akili pale Katuba, kwetu Lubumbashi, Kongo, waliahirisha mapenzi hadi Alhamisi. Mimi nilikuwa nimeshanunua kopo la maziwa la kumpikia mke wangu vitamutamu vya kakao.

Msiniite mpagani. Sheria ya kufunga naijua: mlo mmoja wa kushiba, miwili midogo, nyama hapana. Maziwa si nyama. Kakao si nyama. Nilipanga tule baada ya bukari, yaani ugali, na samaki, ndani ya mlo uleule mmoja, kesi imekwisha. Hata wakili angeniunga mkono.

Na vitamutamu vyenyewe ni rahisi mno. Kopo moja la maziwa mazito yenye sukari, vijiko vitatu vya kakao, kijiko cha siagi. Wabrazili ndio mabingwa wake, wanaviita brigadeiro. Unaweka sufuria kwenye moto mdogo na kukoroga bila kupumzika, maana ukigeuka tu kusalimia jirani, chini kumeungua. Vimeiva pale unapopitisha mwiko katikati na sufuria ikaonyesha chini yake kidogo kabla uji haujajifunga tena. Shida ni huo moto mdogo. Umeme ulikuwa umekatika tangu usiku, nikabaki na mbabula, jiko la makaa, na mbabula haina kitufe. Nikayafunika makala kwa jivu. Siku ile hata makala yalipakwa majivu.

Uji ulipopoa nikajipaka siagi mikononi, nikaviringisha vidonge vya ukubwa wa jicho la mbuzi, kisha nikavigaragaza kwenye unga wa kakao. Vikatoka vyeusi, vya mviringo, vina vumbi. Vizuri kabisa.

Ikabaki vita na sisimizi. Wa Katuba wananusa sukari kabla hujafungua mfuko. Dawa yake kila mama anaijua: jaza maji beseni, geuza kikombe katikati, weka sahani juu yake, sisimizi hawajui kuogelea. Nikazungushia sahani utepe mwekundu. Juu nikaegemeza karatasi niliyochora moyo uliochomwa mshale, na ndani ya moyo nikaandika jina la mke wangu lote, hadi la ukoo. Beseni nikalisukuma chini ya kitanda, ndiko kwenye baridi. Junior, mwanangu wa miaka sita, alishuhudia yote, nikamnunua kwa vidonge viwili ili asiseme kitu. Nikatoka kutafuta mishumaa, maana gizani hata mapenzi yanajikwaa.

Yaliyofuata nimeyakusanya kwa Junior na kwa majirani waliokuwa dirishani.

Mvua ikashuka, mvua ya Februari ya Lubumbashi isiyobisha hodi. Mama mkwe alikuwa akitoka misa na mama wawili wa jumuiya, wakakimbilia kwangu kujikinga. Sasa, sebule yangu ina bati moja linalovuja. Tone likamdondokea mama mkwe kwenye paji la uso, juu ya majivu.

"Junior, beseni iko wapi?"

"Iko chini ya kitanda ya papa."

Kwa desturi yetu mama mkwe haingii chumba cha mkwewe. Hata mlango wa kile chumba anaupita akiangalia pembeni. Nilipomkumbusha baadaye alinijibu kwamba shetani naye hafuati desturi. Aliinama, akavuta beseni, na akaona: maji, kikombe kilichopinduliwa, vidonge vyeusi vyenye vumbi, uzi mwekundu, na jina la binti yake limechomwa mshale moyoni.

Nakubali, ukitazama haraka haraka, haikupendeza.

Mmoja wa wale mama alikuwa na chupa ya maji ya baraka kwenye mkoba. Wakaanza sala, wakanyunyiza. Unga wa kakao ukilowa huyeyuka, ukateremka kando ya sahani, mzito, wa kahawia, ukaingia kwenye maji ya beseni.

"Damu! Inatoka damu!"

Mimi ndipo nikaingia. Nimelowa chapachapa, pumzi juu, na mkononi nina mishumaa miwili. Myekundu.

Sitaeleza kelele zile. Zilipopungua nikasema, "Mama, ni bonbon. Ya Saint-Valentin."

"Kama ni bonbon, kula."

Nikala. Sikuwa na njia nyingine.

"Muone!" akasema yule wa chupa. "Anakula bonbon siku ya kufunga!"

Junior, kwa kunionea huruma, akaja kunitetea kwa bibi yake. "Nkambo, ni tamu sana. Papa alinipa mbili, akasema nisiseme kitu kwa mtu."

Wale mama wakatazamana. Mtoto amenyamazishwa kwa dawa! Chupa ikafunguliwa tena, safari hii ikamlenga Junior, naye akakimbilia nyuma ya pazia.

Ndipo nikamgeukia mama mkwe, kwa heshima zote, nimepiga goti kando ya beseni. "Mama, wewe onja, utuamulie. Kanisa lenyewe limekuruhusu. Aliyetimiza miaka 59 halazimishwi tena kufunga."

"Papa Junior, unaniita mzee?"

"Hapana, Mama."

"Mbele ya wageni?"

Lakini mkono wake ulikuwa tayari umekwenda. Akafanya ishara ya msalaba, akachukua kidonge kimoja kwa ncha za vidole, akakiuma nusu. Chumba kizima kilimtazama akitafuna. Alitafuna polepole, macho juu kwenye bati. Akamalizia ile nusu. Akachukua kingine.

"Mama, iko namna gani?" akauliza wa chupa.

"Bado ninachunguza."

Uchunguzi ulikuwa wa kina. Kila kidonge alikipa nafasi ya kujitetea. Wenzake wakaanza kusogea, mmoja akakumbuka kwa sauti kwamba maziwa si nyama. Kesi yangu ileile, jamani, neno kwa neno, na kutoka kwake ilipokelewa!

Mke wangu akafika kutoka kazini na kukuta hivi: mama yake ameketi pembeni ya kitanda chetu, majivu usoni na kakao mdomoni, mama wawili wamepiga magoti, mumewe amelowa, ameshika mishumaa, na jina lake linaelea kwenye maji ya kahawia.

"Nani amekufa?"

"Hakuna," akasema mama mkwe akijifuta vidole kwa kitenge. "Bwana yako hana dawa. Anajua kupika tu. Ila sukari apunguze."

Sahani ilibaki na kidonge kimoja, kimelowa maji ya baraka. Tulikigawana baada ya samaki, mshumaa ukiwaka, mke wangu akicheka mpaka mara mbili nilidhani amekabwa.

Mama mkwe alipoaga mlangoni aliniambia kwamba kwenye Kwaresima hatanisumbua, atanisubiri Pasaka. Mwaka ule Pasaka ilikuwa tarehe 31 Machi. Alikuja na jumuiya nzima, kila mama na kisahani chake.