Kutoka chumba mpaka jikoni

Siku ile kwenye tribinali hapa Lubumbashi, mchi ulikuwa juu ya meza ya grefie, umefungwa na sashe lakini kichwa chake kilibaki inje, na niliona sombe. Ilikauka pale kwenye mti, kijani yake bado iko. Mwenye kutwanga ile sombe tulisha kumuzika, bwana yake njo alimuua na ule mchi. Mama yake alikaa benchi ya mbele, anaangalia mchi tu, haangalii bwana ya mtoto wake, haangalii juji.

Avoka ya bwana akasimama, akasema mteja wake alikasirishwa. Eti bibi alimutukana, alimuambia yeye si mwanaume, hasira ikamupanda, hakujua tena anafanya nini. Aliongea kwa sauti ya pole na watu wengine ndani ya sali walikuwa wanaitika na kichwa sawa vile wako kanisani. Mimi nikajiuliza, ile matusi nani aliisikia? Walikuwa wawili ndani ya chumba. Mmoja iko chini ya udongo, mwingine njo anatuelezea.

Na hii maneno haikuanzia tribinali, ilianzia kwenye kilio. Tulikuwa tumekaa kwenye parsele ya wazazi kule Katuba, wamama wanapika bukari, na nilisikia kwa masikio yangu: "Lakini alimufanya nini bwana yake?" Mwingine akajibu, "Mudomo yake njo ilimuua." Hapana. Mudomo haikuua mtu. Ni mchi, na ni mikono ya mutu tunamujua wote.

Nilienda kusoma kodi yetu ya azabu ya Kongo, ni kusema kitabu cha sheria za makosa, ile ya 1940. Artikle 44 inasema kuua mutu kwa kusudi ni kifungo cha maisha, na bwana ao bibi hawatajwi pale. Mlango avoka anaupitia ni artikle 18, ile ya sababu za kupunguza azabu, lakini artikle 19 inalazimisha juji aziandike hizo sababu moja moja ndani ya hukumu. Kwa hiyo "alikasirishwa" si neno la kutupa hewani tu, juji akilikubali analiweka kwa maandishi.

Tusifikiri ni mila yetu sisi peke yetu. Ufaransa, kodi yao ya 1810 ilisema bwana akifumania bibi yake na mwanaume mwingine ndani ya nyumba yao akawaua palepale, anaweza kupunguziwa azabu, na ile kitu walikuja kuifuta 1975. Australia, kule Melbourne, mwanaume alimuua bibi yake aliyekuwa amesha kumuacha, akaenda kumuzika porini, halafu 2004 akajitetea na maneno eti bibi alimuambia, na ile kosa ikashushwa, akapewa miaka 11. Watu walikasirika sana na mwaka uliofuata, 2005, jimbo lao la Victoria likafuta kabisa ile njia ya kujitetea. Haikuwa juu wanaume wa kule waliacha kukasirika. Ni juu waliona kila mara marehemu njo anahukumiwa, na hana mudomo ya kujibu.

Mimi pia ni bwana ya mutu, nimeoa, nimesha kutukanwa nyumbani na iliniuma, sitadanganya. Lakini huyu mwanaume tunamujua kwenye avenue. Shefu yake kazini alimutukana mbele ya watu mwezi mzima, akanyamaza. Polisi walimukamata na pikipiki yake wakamuita jina la nyama, akasema "pole shefu" akatoa pesa. Hasira yake inajua vizuri nani wa kumupanda na nani wa kumuogopa, sasa mutu mwenye hajui tena anafanya nini, anachagua namna gani?

Halafu kuna ile mchi. Chumba kiko nyuma, jikoni iko inje, upande ya kisima. Alifungua mlango. Alipita kwenye uwanja, watoto walikuwa wamelala sebuleni. Alishika mchi kwenye kinu, akarudia njia ileile. Nimesha kuingia ile parsele mara nyingi, ninajua ni hatua ngapi.

Juji amechukua dosie kwenda kuamua na siku ya kusoma hukumu nitakuwa pale. Kama ataandika kwamba huyu bwana alikasirishwa, ninamuomba aandike na hatua ngapi ziko kutoka chumba mpaka jikoni, kwenda na kurudi.