Bunduki "imeniridhisha": kauli ya mwenye silaha tuipime kwa kipi?

Mwulize mtu mwenye bunduki ya kuwindia hapa Mwanza kama ameridhika nayo, na karibu kila mara atakujibu ndiyo, tena kwa kiapo. Mwamba ngoma huvutia kwake. Lakini wakikaa wenyewe kwa wenyewe, wale wanaokwenda upande wa Maswa msimu ukifunguliwa, maneno hubadilika. Wapo wanaosema bunduki za kiwandani za leo zina shabaha kuliko zote zilizowahi kutengenezwa, na anayemlipa fundi azirekebishe anatupa fedha. Wapo wanaosema viwanda vimeacha kazi: plastiki imejaa, ukikoki chuma kinakwaruza, na bunduki ya mzee iliyotoka Czechoslovakia bado inazishinda. Nionavyo, wa kwanza wanazungumzia shabaha na wa pili wanazungumzia ubora wa chombo chenyewe, na mambo hayo mawili hayaongozani siku zote.

Kwenye shabaha, wanaosifu mambo ya leo wana hoja nzito. Zamani mtu aliyenunua bunduki dukani akaona risasi tatu zimeingia ndani ya inchi mbili kwa yadi 100 alirudi nyumbani akiwa na furaha. Leo Tikka, inayotengenezwa Riihimäki nchini Finland, huuzwa kwa ahadi ya inchi moja, na Weatherby Vanguard, ambayo kwa kweli hutengenezwa Japani na kiwanda cha Howa, huja na ahadi kama hiyo. Si maneno ya biashara tu. Mitutu mingi sasa hufuliwa bila kupashwa moto, mashine ikigonga chuma kwa nyundo kuzunguka fito yenye umbo la mifereji ya ndani ya mtutu, kwa hiyo wa kwanza na wa elfu moja hutoka wakifanana. Mashine za kukata vyuma zinaongozwa na kompyuta. Mtutu huachwa uelee bila kugusa mbao. Na tangu kampuni ya Savage ilipotoa kifyatulio chepesi ambacho mwenyewe anaweza kukirekebisha, mwanzoni mwa miaka ya 2000, wengine walilazimika kuwafuata, hata kwenye bunduki za bei ya chini. Fundi kweli hana kazi kubwa tena hapo.

Hiyo inchi moja lakini ina jambo ambalo muuzaji halifafanui. Ahadi nyingi hupimwa kwa risasi tatu, na risasi tatu huficha mengi. Kwa hesabu za mtawanyiko, bunduki ambayo kwa kawaida huweka risasi tatu kwenye upana wa sentimita 2.5, ukiendelea hadi kumi kwenye karatasi ileile, upana huo utafika karibu sentimita 4. Bunduki haijaharibika, ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo, ila hukuipa nafasi ya kujionyesha. Ongeza tabia yetu ya kuweka kwenye simu picha ya karatasi iliyopendeza na kuichana ile iliyotuaibisha, utaelewa kwa nini kila mtu anayo bunduki ya "inchi moja".

Halafu, ni nani anayeihitaji? Sehemu ya moyo na mapafu ya swala pala ina upana wa sentimita 15 hivi. Bunduki inayotawanya sentimita 6 kwa mita 100, ambayo wengi wangeidharau, kwa mita 150 itatawanya sentimita 9, na bado iko ndani. Anayekosa pale, mara nyingi kakosa kwa pumzi, kwa kusimama vibaya, au kwa kuogopa kishindo. Sentimita tatu za mtutu hazimwokoi mtu ambaye mikono yake inatetemeka sentimita ishirini. Ndiyo maana sifa za shabaha zikizidi huwa nasikiliza kwa sikio moja.

Upande wa ubora, historia iko pamoja na walalamikaji, na kisa kinachojulikana kuliko vyote ni cha Winchester Model 70. Bunduki hiyo ilitoka mwaka 1936, ikiwa na ile kucha pana ya asili ya Mauser ya 1898: inalikamata ganda la risasi mara tu linapotoka kwenye magazini na hailiachii mpaka limetupwa nje. Mwaka 1964 kampuni ilipunguza gharama. Kucha ikaondolewa, nakshi za mbao zikawa za kugandamizwa kwa mashine badala ya kuchongwa. Wateja walikasirika kiasi kwamba hadi leo bunduki za kabla ya 1964 hutafutwa kwa bei ya juu, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 kucha ilirudishwa. Jambo la kuangalia ni hili: za baada ya 1964 hazikuwa zinakosa shabaha. Zilipiga vizuri tu. Watu walichokikataa ni chombo ambacho hawakukiamini mkononi.

Tikka nao walisikia malalamiko ya aina hiyo. Kwenye bunduki yao ya T3 ya mwaka 2003 watu walinung'unikia kifuniko cha plastiki nyuma ya boliti, kile chuma cha kukokia, na kipande cha alumini kinachopokea nguvu za kishindo. T3x ya 2016 ikaja na vyuma. Remington ni habari nzito zaidi. Model 700 imekuwa ikisifiwa kwa shabaha tangu 1962, lakini mwaka 2014 kampuni iliwataka wenye bunduki zenye aina fulani ya kifyatulio wazirudishe, kwa sababu zingeweza kufyatuka zenyewe. Karatasi ya shabaha isingekuonyesha hilo hata ungepiga mwaka mzima.

Sasa tuje huku kwetu ziwani, ambako vipimo vya Ulaya na Marekani havifiki vyote. Masika ikianza, mbao hunyonya unyevu, huvimba, na ikiugusa mtutu risasi huhama. Bunduki iliyopimwa Februari si ileile mwezi wa Aprili. Kwa hiyo kitako cha plastiki ambacho wazee wanakicheka, pamoja na chuma kisichoshika kutu, kwa mtu wa Ukerewe au Sengerema ni faida halisi. Hapo wapenda mbao na chuma cha rangi ya buluu-nyeusi nawapinga waziwazi. Vumbi la barabara za ndani, kwa upande mwingine, huiadhibu boliti iliyobanwa sana, na ile inayocheza kidogo huendelea kukoki. Kisha kuna risasi. Mwenzetu wa Finland hujaribu aina sita akachagua inayopendwa na mtutu wake. Sisi tunachukua iliyopo dukani, na chache. Anayelaani bunduki yake huenda anailaani kwa kosa la risasi, na anayeisifu huenda hajawahi kuipiga vya kutosha kujua.

Hilo ndilo linalonifanya niupunguzie uzito ule "ndiyo" wa mwanzo. Chini ya sheria ya silaha ya mwaka 2015, mtu hupita mtaani, kwenye kamati za usalama na polisi kabla hajaishika bunduki, na leseni hutaja silaha ile ile kwa namba yake. Huwezi kuijaribu mwezi mmoja ukairudisha kama viatu visivyokutosha. Aliyehangaika hivyo hatakuambia kirahisi kwamba alichagua vibaya. Ataizoea, atajifunza kuisamehe, na mwishowe ataipenda. Kuridhika huko ni kweli, ila ni kuridhika na safari nzima, chombo kikiwemo.

Kwa hiyo ukiniomba ushauri, nitakuuliza kwanza unawinda nini. Kwa swala, nyamera na kongoni nyikani, bunduki mpya ya bei ya wastani yenye kitako cha plastiki inatosha na kuzidi, na fedha ya fundi peleka kwenye risasi za mazoezi. Kwa nyati, au kiboko anayeingia mashambani usiku, kaliba, yaani upana wa risasi kwa inchi, inaanzia .375 ya Holland & Holland, ya tangu 1912, na hapo nahamia kwa wazee bila kusita. Nitachukua Brno ZKK 602 au mrithi wake CZ 550, zilizotoka kiwandani na ukavu wa kukwaruza ambao wenyewe huulainisha kwa kukoki na kukoki, kwa sababu zina ile kucha. Zikitawanya sentimita 7 kwa mita 100 sitalalamika. Nyati huyo atakuwa mita 30, na swali langu litakuwa kama risasi ya pili imeingia chemba, tayari kupigwa.