Chembe husahau zilikotoka, lakini lini?

Mwaka 1827 Robert Brown alitazama kwa hadubini punje ndogo zilizotoka kwenye chavua, akaziona zikihangaika majini bila kutulia. Mwaka 1905 Albert Einstein akaonyesha chanzo chake: molekuli za maji huzigonga kutoka kila upande. Kisa hicho kinajulikana. Kinachonivutia mimi ni yale yanayotokea maji yenyewe yanapotiririka.

Mwanafizikia Mwingereza G. I. Taylor alilichambua jambo hilo mwaka 1953, kwa rangi iliyotiwa kwenye bomba jembamba lenye mkondo mtulivu. Maji ya katikati huenda mbio, yale yanayogusa ukuta husimama. Lakini migongano ya molekuli huitoa chembe katikati, huipeleka ukingoni na kuirudisha, mara nyingi mno, hadi iwe imeonja kasi zote za bomba. Hapo husahau ilikoanzia. Doa la rangi husafiri kwa kasi ya wastani ya maji, na mgawanyo wake huchukua umbo la kengele, yaani rangi nyingi katikati na kupungua kwa usawa mbele na nyuma, hata kama mwanzoni lilikuwa na sura gani.

Tena, kadiri rangi inavyosambaa polepole yenyewe, kwa migongano ya molekuli tu, ndivyo doa linavyorefuka zaidi bombani! Nilipokutana na hili mara ya kwanza nililikataa, nikarudia hesabu yote. Jibu ni kwamba chembe isiyohama upesi hukaa muda mrefu kwenye mkondo wa kasi, au hukwama karibu na ukuta, na pengo baina yao huzidi.

Ndiyo maana siridhiki tunapothibitisha kihisabati kwamba mfumo utafika kwenye hali yake ya mwisho, kisha tukaishia hapo. Uthibitisho huo ni kazi nzito na ninauheshimu. Ila sukari katika maji yaliyotulia kabisa huhitaji takriban siku nzima kusambaa sentimita moja, na zaidi ya miezi mitatu kwa sentimita kumi, kwa sababu umbali ukizidi mara kumi, muda huzidi mara mia. Mkondo peke yake nao hautoshi: maji yakizunguka kwa duara bila migongano hiyo, chembe hubaki kwenye njia yake ileile daima. Vikishirikiana, mkondo huivuta rangi iwe nyuzi nyembamba, na kusambaa humalizia kazi kwa muda mfupi.

Kwenye bomba la Taylor muda ambao chembe huhitaji ili kusahau ilikoanzia hukua kwa kipeo cha pili cha nusu kipenyo. Bomba likiwa pana mara mbili, subira ni mara nne. Anayetumia fomula yake kwenye bomba fupi, ambamo rangi hutoka kabla ya muda huo kupita, atakuwa na kengele safi kwenye karatasi na doa lenye mkia bombani. Kwa hiyo kila nisomapo matokeo ya namna hii, kwanza natafuta mstari unaotaja muda.